Siku ya 97

Jaji aliuliza kwa upole. "Unahitaji muda wa kutafuta wakili?"

Sauti ya mkalimani ilitoka kwenye spika ya simu, Kiswahili kilichonyooka cha Dar es Salaam. Mama aliyeketi mezani ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, na maneno yale aliyaelewa yote. Akajibu kama alivyofunzwa kumjibu mkubwa anayemjali: "Ndiyo, muheshimiwa. Asante sana."

Kesi ikasogezwa kutoka 19 Novemba 2025 hadi 14 Julai 2026. Alipewa karatasi ya tarehe mpya, akaikunja, akaitia kwenye mkoba pamoja na zile nyingine. Kwenye korido akamwambia mwenzake wa kanisani aliyemsindikiza, "Wametuonea huruma, dada. Wametupa miezi."

Ombi lake la hifadhi lilipokelewa kwenye mahakama ya uhamiaji ya Marekani tarehe 14 Agosti. Siku ile ya Novemba ilikuwa siku yake ya 97 ya kungojea kibali cha kazi.

Itabaki kuwa ya 97 hadi Julai.

Ni wiki kadhaa sasa, na jambo hili halijatoka kichwani. Kanuni yenyewe si ngeni. Kinachokera ni kwamba mama yule hakukosea popote. Jibu alilotoa ndilo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angemshauri alitoe.

Kalenda ya ukutani na saa ya serikali

Kila nyumba yenye kesi ya asailamu, yaani ya kuomba hifadhi, Marekani inazijua namba mbili: 150 na 180. Siku ya 150 unaruhusiwa kupeleka fomu I-765 ya kuomba kibali cha kazi. Kabla ya siku ya 180 kibali hakitolewi. Basi watu huchukua kalenda, huweka alama ya duara, husubiri.

Lakini siku hizo hazihesabiwi kwa kalenda. Zinahesabiwa kwa saa ya kesi, na saa hiyo hukimbia au husimama kwa swali moja tu: nani amechelewesha? Ikichelewesha mahakama, saa inaendelea. Akichelewesha mwombaji, saa inasimama. Wala haisimami kwa zile wiki mbili tatu alizozihitaji. Inasimama mpaka kesi itakapotajwa tena, hata kama jaji hana nafasi kwa miezi minane.

Tupige hesabu ya mama wa Fizi. Saa isingesimama, siku ya 150 ingemfikia 11 Januari 2026 na ya 180 ingeangukia 10 Februari. Sasa ataingia mahakamani 14 Julai akiwa na siku 97, abakiwe na 53 za kupeleka fomu, yaani 5 Septemba. Siku ya 180 itafika 5 Oktoba.

Februari hadi Oktoba. Karibu miezi minane ya kodi ya nyumba, kwa neno "ndiyo".

Yanayoisimamisha

Kuomba muda wa wakili ndilo la kwanza, na ndilo linalowanasa wengi. La pili linafanana nalo: wakili amepatikana, lakini anaomba muda wa kujiandaa. La tatu ni kukataa tarehe ya karibu. Jaji anataja Machi, wakili anasema Machi ana kesi nyingine, wanakubaliana Septemba. Hiyo Septemba inaandikwa kwa jina la mwombaji, si la wakili.

Kuhama jimbo nako kuna gharama yake. Mtu amefikia Texas, kesi imefunguliwa huko, kisha anawafuata ndugu zake Maine au Ohio na kuomba kesi ihamishwe. Ombi hilo ni halali, lakini linahesabiwa kuwa ucheleweshaji wake. Kukosa miadi ya alama za vidole pia kunaisimamisha, na hapa wengi hawakukosa kwa uzembe. Barua ilikwenda kwenye anwani ya zamani.

Ndiyo maana anwani si jambo dogo. Ukihama, mahakama inataka fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi, na idara ya uhamiaji, USCIS, inataka AR-11 ndani ya siku 10. Ni ofisi mbili ambazo hazipashani habari. Aliyeijulisha moja akadhani ameijulisha serikali yote amejitega mwenyewe.

Kuna tofauti moja inayostahili kuzungumzwa kwa urefu kwa sababu inawagusa sana watu wa lugha yetu.

Mahakamani, mkalimani analetwa na mahakama. Asipopatikana, au akaja wa Kiswahili cha pwani kwa mtu ambaye lugha yake hasa ni Kibembe au Kinyamulenge na wasielewane, upungufu ni wa mahakama. Saa inapaswa kuendelea. Kwenye ofisi ya asailamu ya USCIS mambo yamegeuzwa: tangu 13 Septemba 2023, mwombaji asiyejua Kiingereza vizuri ndiye anayeleta mkalimani wake. Awe na miaka 18 au zaidi, asiwe wakili wake, asiwe shahidi wake, asiwe mtu wa serikali ya nchi aliyoikimbia. Usipomleta, mahojiano yanaahirishwa kwa hesabu yako, au unaandikwa kuwa hukufika kabisa.

Kwa hiyo sentensi ileile, "mkalimani hayupo", upande mmoja haikugharimu siku hata moja, upande wa pili inakula miezi. Mtu aliyepita ofisi ya asailamu kisha kesi yake ikapelekwa kwa jaji anakutana na kanuni zote mbili ndani ya ombi lilelile moja.

Na mahakamani jitahidi kutaja lugha yako halisi tangu siku ya kwanza. Wapo wanaosema "Swahili" kwa sababu ndiyo neno ambalo karani analitambua haraka, kisha siku ya kusimulia kilichowapata, Kiswahili kinawaishia njiani.

Kwa nini 180?

Swali hili ndilo lililonigeuza mawazo. Nilikuwa nimeizoea namba hii kama adhabu ya kusubiri tu, kama foleni.

Kabla ya Januari 1995 mwombaji aliweza kupata kibali mapema sana baada ya kupeleka ombi. Serikali iliona wapo wanaoomba hifadhi ili wapate kibali, si ili wapate hifadhi, ikatenganisha viwili hivyo kwa siku 150 na 180. Sheria ya uhamiaji ya 1996 ikaikaza namba ya 180. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho watu hawakisimulii: ombi la hifadhi lenyewe linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 180 tangu lipelekwe, isipokuwa pakiwa na sababu za kipekee.

Siku 180 zilezile.

Maana yake, siku ya 180 haikuwekwa kuwa mwisho wa kusubiri kibali. Ilikuwa siku ambayo kesi nzima ingekuwa imekwisha. Aliyeshinda angefanya kazi kwa hifadhi yake. Kibali kilikuwa kinga ya yule ambaye serikali imeshindwa kumwamulia kwa wakati.

Leo kesi zinachukua miaka. Ahadi ya upande wa serikali imelegea mpaka haikumbukwi. Ya upande wa mwombaji bado inahesabiwa siku kwa siku.

Namba yenyewe imewahi kuvutwa. Agosti 2020 kusubiri kuliongezwa hadi siku 365, na Februari 2022 mahakama ya Washington, D.C. ikaifuta kanuni hiyo, tukarudi kwenye 150 na 180. Anayesoma maelezo ya mtandaoni aangalie yaliandikwa lini. Maandishi ya miaka ile miwili bado yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile ni ya jana.

Wakili au siku?

Hapa ndipo nilipokwama, na sijioni kama nimekwamuka.

Mahakama ya uhamiaji haikupi wakili wa serikali. Unayo haki ya kuwa naye, kwa gharama yako. Mtu anayesimama peke yake mbele ya jaji na mwanasheria wa serikali, akitumia lugha ya kukopa, anaomba muda kwa sababu bila muda huo anaweza kurudishwa kwenye kile alichokikimbia. Nimwambie asiombe? Nimwambie akubali tarehe ya karibu, asikilizwe bila wakili, ili tu siku zisisimame?

Siwezi kumwambia hivyo. Kibali kinafuata kesi. Jaji akikataa ombi la hifadhi kabla saa haijafika 180, saa inakufa palepale, labda rufaa iirudishe kesi chini. Aliyeharakisha kesi ili apate kibali anaweza kuvikosa vyote kwa siku moja.

Upande mwingine, miezi minane bila kibali nayo ina madhara ndani ya kesi yenyewe. Mama asiye na mshahara hamlipi wakili. Anaishia kwa "mtu anayejaza fomu", asiye wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambaye anampa kila mteja simulizi moja akibadilisha majina ya vijiji. Fomu I-765 inapatikana bure, na ina sehemu maalumu ya aliyetafsiri na ya aliyeijaza kwa niaba yako. Anayekataa kuweka jina lake na sahihi yake hapo amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

Kuna njia ya katikati, nyembamba. Saa haianzi kabla ombi la hifadhi, I-589, halijapokelewa. Kwa hiyo aliyeomba muda wa wakili kabla ya kupeleka ombi hajasimamisha chochote. Hakikuwapo cha kusimamisha. Wapo wanaochagua hivyo kwa makusudi: watafute wakili kwanza, ombi lipelekwe likiwa limeandikwa vizuri, kisha wasiombe kuahirisha tena. Mpaka wao ni mwaka mmoja tangu waingie nchini, maana sheria inataka I-589 iwe imepelekwa ndani ya muda huo.

Lakini hiyo nayo inamfaa mwenye mahali pa kulala. Aliye kwenye makazi ya dharura na watoto watatu anataka saa ianze leo, hata kama simulizi lake limeandikwa usiku mmoja na mpwa wake wa sekondari. Simlaumu. Namwambia tu kwamba kila tarehe na kila jina kwenye karatasi ile vitaulizwa tena miaka ijayo, neno kwa neno.

Kama muda lazima uombwe, basi uombwe ukiwa mfupi. "Muheshimiwa, nahitaji wakili, lakini niko tayari kupokea tarehe ya karibu kabisa mliyo nayo." Kisha kabla hujainuka, uliza kwa adabu: ahirisho hili linaandikwa kwa sababu gani, na saa yangu inakwenda au imesimama? Kikao kinarekodiwa. Jaji akijibu, jibu limo. Ikija kuonekana baadaye kwamba karani aliandika sababu isiyo sahihi, mahakama inaweza kuandikiwa isahihishe, na utakuwa na cha kushika.

Neno mkimbizi

Lugha yetu ina sehemu yake katika makosa ya fomu.

Aliyetoka kambi ya Nyarugusu au ya Kakuma akaletwa na ndege kwa mpango wa kuhamishia wakimbizi, tunamwita mkimbizi. Aliyeshinda kesi yake hapa, mkimbizi. Anayesubiri jaji, mkimbizi pia. Kwenye I-765 hawa ni watu watatu: wa kwanza ni (a)(3), wa pili ni (a)(5), wa tatu ni (c)(8). Wa kwanza na wa pili wana haki ya kufanya kazi kwa hali yao yenyewe. Saa ya siku 180 ni ya wa tatu peke yake.

Mtu anasaidiwa na jirani aliyekuja kupitia kambini. Jirani anaitazama fomu yake ya zamani, ananakili (a)(3) kwa moyo mweupe. Ombi linakataliwa. Anayesubiri kesi anaandika c kwenye kisanduku cha kwanza, 8 cha pili, cha tatu anakiacha kitupu.

Majina nayo yanataka utulivu. Fomu inauliza jina la ukoo. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Mkongomani anaweza kuwa na jina ambalo hakuna ndugu yake hata mmoja anayelitumia, na Mrundi vivyo hivyo. Usitafute jibu sahihi la kitamaduni hapo. Andika kwa mpangilio uleule ulioandikwa kwenye I-589 na kwenye karatasi za mpakani, hata kama pale mpakani walilipindua. Kusahihisha ni kazi ya siku nyingine.

Mengine ni ya mikono. Tarehe ya toleo iliyo chini ya kila ukurasa iwe ile inayokubaliwa sasa, na kurasa zote ziwe za toleo moja. Sahihi iwekwe kwa kalamu ya wino. Jina lililochapwa mahali pa sahihi linarudisha bahasha nzima. Picha mbili za inchi 2 kwa 2, nyuma nyeupe, jina na namba A, yaani namba yako ya uhamiaji, vikiandikwa kwa penseli taratibu upande wa nyuma. Ushahidi kwamba ombi la hifadhi lipo: stakabadhi ya USCIS, au ukurasa wa kwanza wa I-589 wenye muhuri wa kupokelewa mahakamani. Na kama hujawa na soshali, yaani namba ya Social Security, jibu kwenye fomu hiyohiyo kwamba unaiomba na kukubali taarifa zako zipelekwe. Kadi ya soshali inaweza kuja kwa bahasha yake, bila safari nyingine ya ofisini.

Jina lako liwe kwenye sanduku la barua. Kadi haifuati mtu aliyehama, na mpostamani asiyeliona jina huirudisha ilikotoka.

Pesa

Mpaka katikati ya 2025 kibali cha kwanza cha mwombaji wa hifadhi hakikuwa na ada. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliweka dola 550, zikapanda kuwa 560 tangu Januari 2026, na hakuna msamaha kwa asiye nacho. Juu yake sheria hiyo iliweka dola 100 za kupeleka I-589, na dola 100 nyingine kwa kila mwaka ambao ombi linaendelea kusubiri. Ada hizi zinaweza kupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo tazama jedwali la ada la USCIS siku unayofunga bahasha, si wiki iliyotangulia.

Namna ya kulipa imebadilika pia. Tangu 28 Oktoba 2025 bahasha yenye hundi au manioda haipokelewi, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Unajaza G-1450 kwa kadi ya benki au G-1650 wakate moja kwa moja kwenye akaunti. Pesa ziwe zimo siku watakapokata. Zikikosekana, ombi linarudi, na wiki zilizopotea hazifidiwi na yeyote.

Fikiria tena yule aliyepeleka fomu kwa kalenda ya ukutani, akidhani amefikisha 150 kumbe saa imesimama kwenye 97. Amekopa pesa ya ada kwa ndugu watano. Ombi linakataliwa kwa kuwahi, ada hairudi. Kwangu hili ndilo kosa linalouma kuliko yote, kwa sababu lingezuiwa na simu moja.

Kadi ikifika

Kwa miaka miwili hivi kadi ilitolewa kwa miaka mitano, na aliyeomba kuhuisha kwa wakati aliongezewa siku 540 bila kuuliza. Vyote viwili vimeondoka. Maombi ya kuhuisha yaliyopelekwa kuanzia 30 Oktoba 2025 hayapati nyongeza hiyo, na kuanzia 5 Desemba 2025 kadi za wanaosubiri hifadhi hazizidi miezi 18. Mwezi huohuo USCIS ilisimamisha maamuzi kwa watu wa nchi zilizowekewa marufuku ya kusafiri, Burundi ikiwamo, hata kwa fomu zilizokamilika.

Kuhuisha kunaruhusiwa kuanza siku 180 kabla kadi haijaisha. Toa hizo kwenye miezi 18: una takriban mwaka mmoja wa kufanya kazi bila kufikiria fomu. Iandike tarehe hiyo ya kuanza, si ya kuisha. Siku kadi inapoisha kama mpya haijafika, mwajiri hana namna ya kukubakiza kazini, hata akikupenda vipi.

Simu

Namba ya mahakama za uhamiaji ni 1-800-898-7180. Inaongea Kiingereza na Kihispania tu, basi kaa na mtu anayesikia kimojawapo. Unaingiza namba A, tarakimu 9. Kama yako ina 8, anza na sifuri. Sauti ya mashine itakusomea tarehe ya kesi ijayo, na ukichagua sehemu ya saa ya asailamu itakutajia siku. Piga wiki moja baada ya kila kikao, kisha piga tena wiki inayofuata. Namba isipoongezeka, imesimama.

Kwa mama wa Fizi itataja 97 leo, na kesho 97.

Lakini akimpata wakili mwezi huu au ujao, hana sababu ya kukaa kungoja Julai. Wakili anaweza kujiandikisha kwenye kesi na kuiomba mahakama kwa maandishi iilete tarehe karibu, akieleza kwamba sababu ya ahirisho imekwisha na kwamba kila mwezi unaopita ni mwezi bila kibali. Jaji halazimiki kukubali. Ombi hilo lina kurasa chache tu, na akikubali, saa inaanza tena kikao kitakapokaa, kwenye siku ya 98.

Karatasi zake zote anazo kwenye mkoba.